Jinsi ya Kuandika Aljebra Mwalimu Asiielewe

Mwanafunzi mpendwa, pole na kazi ya nyumbani. Najua umekaa mezani tangu magharibi, umeme umekwenda na kurudi mara mbili, mdogo wako kalalia daftari, na malori yanayosubiri kuvuka mpaka kwenda Nakonde, Zambia, yananguruma nje ya dirisha kana kwamba nayo yana mtihani kesho. Mbele yako kuna maswali 10 ya aljebra. Hutaki kuyajua, unataka yaishe. Mwongozo huu ni wako.

Nimeuandika baada ya miaka ya kusahihisha madaftari ya tuisheni hapa Tunduma, chini ya bati moja huko Sogea, ambako mvua ikinyesha tunafundishana kwa ishara. Katika miaka hiyo nimeijua siri ambayo walimu hawaisemi mbele ya wanafunzi: mwandiko unaosomeka ndio unaokosolewa. Aliyeandika vizuri amejianika, kosa lake linaonekana kutoka mlangoni kama shuka jekundu kwenye kamba. Aliyeandika hovyo, kalamu nyekundu inasitasita juu ya ukurasa wake. Mwalimu anageuza daftari kulia, anageuza kushoto, anapiga miayo, anaweka tiki. Madaftari ni 40 na usiku ni mmoja. Hesabu ya kwanza ya kuijua, basi, haimo kitabuni: ni hesabu ya uchovu wa mwalimu wako.

Tuanze na x, kwa kuwa kila balaa huanzia hapo.

Iandike x yako sawa kabisa na alama ya kuzidisha, mistari miwili iliyokatana, usipunguze wala usiongeze. Swali likisema 3 mara x mara 4, wewe andika 3xxx4, geuza ukurasa. Hakuna binadamu atakayejua x ipi ni namba, ipi ni alama na ipi ni wasiwasi wako. Walimu wa zamani waliliona hili mapema, wakatufundisha kuchora x ya aljebra kwa c mbili zilizopeana mgongo kama majirani waliogombania mpaka wa shamba. Usiwasikilize. Mkanganyiko wako una ukoo mkubwa. Leibniz, Mjerumani, mmoja kati ya wawili waliobuni kalkulasi, alimwandikia Johann Bernoulli mwaka 1698 kwamba haipendi alama ya × kwa sababu inafanana mno na x, akachagua kutumia nukta. Alama yenyewe ilikuwa imeletwa vitabuni na Mwingereza William Oughtred mwaka 1631. Kwa hiyo unapomtoa jasho mwalimu wako, unaendeleza ugomvi wa karne ya 17.

Ukishaizoea x, hamia kwa ndugu zake. Andika b ifanane na 6, s ifanane na 5, z ifanane na 2, l ifanane na 1. Yupo kijana aliyeanza swali lake vizuri kabisa na b + 4. Mstari wa pili tumbo la b likavimba. Mstari wa tatu ilikuwa 6 + 4, na mstari wa nne jibu likawa 10, limepigiwa mistari miwili chini kwa rula. Herufi ilivuka ikawa namba kwa njia ya panya, bila muhuri, bila ushuru, na mwenyewe hakujua imevukia wapi. Wale wanaokata z kwa kimstari katikati, au wanaoweka mkia kwenye l, wanaharibu biashara ya wenzao.

Sasa mpangilio. Kila mtu wa Tunduma amekua akiangalia malori, hivyo hili halihitaji picha: kichwa hukaa mbele, tela hufuata. Katika aljebra namba ndiyo kichwa na herufi ndizo matela. Tunaandika 3x, hatuandiki x3. Tunaandika 5ab, matela yakifuatana kwa mpangilio wa alfabeti, na si ba5. Hii si sheria ya Mungu. Ni desturi tu, na desturi zinafaa kwa kuwa msomaji anajua macho yake yatue wapi. Lakini wewe humtakii msomaji mema. Weka kichwa nyuma ya tela. Andika x3, tena ile 3 iinue kidogo, isiwe chini kama jirani wala juu kama kipeo, ielee hapo katikati kama puto. Mwalimu akitaka x mara 3, ipo. Akitaka x kipeo cha tatu, ipo pia. Umeuza bidhaa moja kwa wateja wawili.

Namba 1 nayo usiiache ipumzike. Desturi inasema 1x huandikwa x, kama vile hakuna anayemtaja dereva anaposema lori limefika. Wewe mtaje. Andika 1x¹ + 0, ukurasa ujae. Na siku utakapotaka kumtisha mtu, andika xx badala ya x². Ukiulizwa, jibu kwa upole kwamba Descartes, aliyetuzoesha kuandika vipeo kwa namba ndogo juu katika kitabu chake cha mwaka 1637, mara nyingi aliandika hivyo hivyo herufi mbili, na Gauss naye aliipenda xx. Mwalimu atakuuliza Gauss ni wa kidato gani.

Nafika sasa kwenye kosa ninalolipenda kuliko yote, na naomba tukae hapa kidogo.

Kosa lenyewe ni hili: 3k + 4s = 7ks. Umeliona, umeliandika, na baba yako aliliandika. Siku moja nilimkuta nalo kijana wa kidato cha kwanza ambaye likizo zote hukaa mpakani na mjomba wake anayechenji pesa. Nikamwita mbele.

“Shikamoo, ticha.”

“Marahaba. Dogo, nikikupa kwacha 3 na shilingi 4, una ngapi?”

Akaniangalia kwa huruma. “Ticha, hizo hazijumlishiki. Mpaka uchenji kwanza.”

“Na hii hapa, 3k + 4s?”

“Aa, hiyo ni 7ks.”

“Kwa nini?”

“Hiyo ni hesabu, ticha.”

Hiyo ni hesabu. Nimewahi kusikia mahubiri ya saa mbili yenye maana ndogo kuliko maneno hayo matatu. Mtoto huyu mtaani hadanganyiki, huwezi kumpa noti za Zambia na za Tanzania ukamwambia ni fungu moja. Akifungua daftari anaiacha akili mlangoni pamoja na ndala, kwa kuwa ameshaamini kwamba humu ndani kuna kanuni nyingine, za watu wengine, zisizotakiwa kuwa na maana. Ukitaka kufuata mwongozo huu kwa ukamilifu, hicho ndicho kiapo: usiruhusu unachokijua dukani kiingie kwenye daftari.

Walimu nao wametusaidia, lazima tuwape haki yao. Wametuambia a ni aple na b ni embe, kwa hiyo 3a + 4b haijumlishiki kwa kuwa matunda ni tofauti. Inapendeza, ila ni uongo, maana kesho yake mtoto anakutana na a mara b na kuuliza aple mara embe ni tunda gani. Herufi si embe. Herufi ni namba ambayo bado haijatajwa, pengine bei ya embe, pengine idadi yake. Mjomba wa yule kijana analijua hilo bila kwenda shule. Asubuhi akifika mpakani huwauliza wenzake, “Leo kwacha ngapi?” Hiyo ndiyo k: shilingi unazopata kwa kwacha 1. Mteja akija na kwacha 3 huku ana shilingi 400 mfukoni, atakuwa na shilingi 3k + 400, na mjomba anajumlisha hapo hapo kichwani huku anazungumza na simu. Jana k ilikuwa nyingine, na kesho itakuwa nyingine tena. Tarehe 1 Januari 2013 Zambia ilipoikata sarafu yake sifuri tatu, kwacha 1,000 za zamani zikawa kwacha 1 mpya, k ya mpakani ikageuka 1000k watu wakiwa wamelala. Wachenjaji hawakusema aljebra ni ngumu. Walibadilisha kichwani wakaendelea na kazi.

Linganisha na swali nililoulizwa wiki iliyofuata na binti wa kidato cha pili, mwenye bidii kweli kweli: “Ticha, x ya leo kwa nini si 4? Jana ulisema ni 4.”

Usiseme x ni nini. Hii ni nguzo nyingine. Kitabu kitakuambia uanze kwa kueleza herufi yako inasimama badala ya nini. Wewe andika “Let x” kisha nukta, usonge mbele. Tuseme swali linahusu kimondo cha Mbozi, lile jiwe la chuma lililoko Ndolezi ambalo kila shule ya Songwe imelitembelea. Vitabu vingine huliandikia tani 12, vingine tani 16. Mizani ya Mpemba inapima malori usiku na mchana, lakini jiwe halijawahi kupanda pale. Mfano mzuri wa x: kitu kipo, ukikigusa ni baridi, ila kila mtu ana namba yake. Mwanafunzi mpumbavu ataandika “x ni uzito wa kimondo kwa tani.” Mwanafunzi mwerevu ataandika “x ni kimondo,” ili mwishoni apate kimondo = 16, na abaki anajiuliza kama ni tani, kilo, au vimondo 16. Ukibanwa, kimbilia kwa al-Khwarizmi wa Baghdad, aliyeandika kitabu kilichotupa neno aljebra katika karne ya 9. Yeye hakuwa na x wala alama yoyote, aliandika yote kwa maneno, na asichokijua alikiita kwa Kiarabu tu “kitu.” Mwalimu akiuliza x ni nini, sema: “Ni kitu, ticha.” Umejibu kama mwenye fani.

Al-jabr yenyewe, kwa faida ya mzazi anayesoma hapa kwa kuibia, maana yake ni kuunga kilichovunjika, kama fundi wa mifupa anavyounga mguu. Kwetu fani imegeuzwa: mlinganyo unaingia mzima, unatoka na plasta.

Alama ya sawa na, (=), inastahili sura yake. Mwaka 1557 Robert Recorde, mtu wa Wales, alichoka kuandika maneno “ni sawa na” akachora mistari miwili sambamba, akisema hakuna vitu viwili vinavyoweza kulingana zaidi ya hivyo. Hakuwa ameona reli. Sisi tunayo, TAZARA inapita hapa hapa mjini, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi, na kila mtoto anajua kwamba reli moja ikipanda kuliko mwenzake, treni inalala ubavu. Wewe usiitumie hivyo. Itumie kama kiunganishi cha mabehewa, kila unapohema bandika moja:

2x + 6 = 14 = 14 − 6 = 8 = 8 ÷ 2 = 4

Jibu ni sahihi, x ni 4, sikatai. Ila njiani umetangaza kwamba 14 ni sawa na 8 na 8 ni sawa na 4. Nenda kachukue mkopo wa 14 ukarudishe 4 ukiwa na karatasi hii mkononi, uone kama utafika jioni. Alama hii haisemi “halafu.” Inasema upande huu na ule ni kitu kimoja. Mstari mmoja, usawa mmoja, kisha unashuka chini:

2x + 6 = 14
2x = 8
x = 4

Angalia jinsi inavyochosha macho kwa usafi wake. Hata mtoto wa jirani anaweza kuifuata. Aibu tupu.

Mwingine huacha alama ya sawa na ikining’inia, x =, basi, upande wa pili hakuna mtu. Nilimuuliza mmoja akanionesha dukani: 2,000/= kwenye mchele, 3,500/= kwenye mafuta. Nchi nzima inaandika sawa na bila kusema na nini. Nilikosa la kumjibu kwa dakika nzima. Baadaye nikamweleza kwamba ule mkwaju ni wa shilingi, na ile mistari miwili imekaa mahali pa senti, kuonesha kwamba hakuna senti. Akatikisa kichwa kwa adabu. Siku ya pili aliandika x = 4/=.

Mabano. Hapa nakuomba uifikirie forodha. Namba au alama iliyosimama nje ya mabano ni ofisa, na mabano ni basi. Basi likisimama, ofisa anatakiwa apite kwa kila abiria, kuanzia kiti cha mbele hadi benchi la nyuma. Kwa hiyo 2(x + 3) ni 2x + 6, na 5 − (x − 2) ni 5 − x + 2, yaani 7 − x. Wewe ofisa wako awe mvivu. Amkague abiria wa kwanza, awapungie mkono waliobaki: 2x + 3. Na ile alama ya kutoa ndiyo tamu zaidi, maana aliyekaa nyuma, −2, anavuka na mzigo wake hivyo hivyo, unapata 3 − x, umepoteza 4 kwenye hazina na hakuna kengele iliyolia. Tangu mwaka 2019 Tunduma na Nakonde zina kituo cha pamoja, msafiri anakaguliwa mara moja upande anaoingia na kazi imekwisha. Watoto wangu wamelielewa hilo kupita kiasi: abiria wanakaguliwa mara moja, yaani abiria mmoja.

Na MAGAZIJUTO je? Ndugu zangu, neno hili limewalea watoto wa nchi hii kuliko uji. Mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Ukimwamsha mzee wa miaka 50 usiku wa manane atalitaja kabla hajataja jina lake. Lifuate neno kwa neno, herufi kwa herufi, usifikiri. Ukipewa 10 − 3 + 2, jumlisha kwanza kama ulivyoapa: 3 na 2 ni 5, toa kwenye 10, jibu 5. Jibu la kweli ni 9, kwa kuwa kujumlisha na kutoa wana cheo kimoja, anayetangulia kushoto ndiye anayehudumiwa kwanza. Nimekaa na hili usiku mmoja umeme ulipokatika nikagundua jambo la kuchekesha. Kugawanya kutangulia kuzidisha hakuna madhara yoyote, jibu halibadiliki. Kujumlisha kutangulia kutoa ndiko kunakoua. Laiti waliotunga neno wangezigeuza silabi mbili za mwisho, likawa MAGAZITOJU, mtoto angelifuata kama kasuku na asikosee kamwe. Jaribu mwenyewe: 10 toa 3 ni 7, ongeza 2, ni 9. Lakini MAGAZITOJU haliimbiki, na kwetu kisichoimbika hakifundishiki.

Halafu unafika kidato cha kwanza. Jana yake ulikuwa unarahisisha, leo unaambiwa “simplify.” MAGAZIJUTO anastaafishwa bila mafao, nafasi yake anachukua BODMAS, ambaye ana tabia zile zile na kosa lile lile, ila anazungumza Kiingereza. Hapa sina kejeli ya kutosha. Nimeona watoto waliojua kutoa mabano vizuri kabisa darasa la saba, wakaganda mbele ya “expand” kama waliosimamishwa na trafiki. Si x iliyowashinda. Ni amri iliyosimama mbele ya x. Mwongozo unakushauri hivi: ukikutana na neno usilolijua kwenye swali, nakili swali lote upya kwa mwandiko mzuri, chini yake weka alama ile ya nukta tatu, ∴, iliyokaa kama mafiga. Mafiga yakishapangwa, watu hudhani kuna chungu.

Sehemu nazipitia haraka kwa kuwa zinanitia uchungu. Usichore mstari mlalo ukaweka kiasi juu na asili chini. Tupa yote kwenye mstari mmoja na mkwaju: 1/2x, mwalimu achague mwenyewe kama ni nusu ya x au ni 1 gawanya kwa 2x. Na ukiona (x + 6)/(x + 2), usisubiri: x na x zinakatana, 6 kwa 2 ni 3, umemaliza. Usithubutu kuweka namba kujihakikishia, maana ukiweka x = 2 utapata 8 kwa 4, ambayo ni 2, na furaha yote itaisha.

Njia, ile wanayosema “onesha njia,” iache. Ni kweli karatasi ya Hisabati ya kidato cha nne inadai kazi yote muhimu ioneshwe waziwazi, na ni kweli kwamba mtu aliyekosea mstari wa mwisho huokota alama kwenye mistari ya juu. Ni kweli pia kwamba kila mwaka wanaofeli somo hilo ni wengi kuliko wanaofaulu. Lakini wewe ni wa kupata jibu kwa kishindo. Na usipolipata, igilizia kwa jirani, ila uwe mwaminifu. Kuna usiku nilisahihisha madaftari matatu yenye 3 · x, nukta nzuri ya Leibniz katikati, nikafurahi mno, nikadhani kizazi kipya kimezaliwa. Daftari la nne ndilo lililokuwa la mwenyewe. Nukta ilikuwa mbu, amepondwa kati ya 3 na x. Wote wanne nikawapa tiki, kwa kuwa jibu halikubadilika.

Muda wa kukusanya una mwongozo wake pia. Zambia iko nyuma yetu kwa saa 1. Simu yako ikidaka mtandao wa Nakonde, saa yake hurudi yenyewe. Kama t ni saa ya Tunduma, ya Nakonde ni t − 1. Ukichelewa, mwoneshe mwalimu simu: kwa Zambia bado ni saa 1 asubuhi na kengele haijalia. Ni mtajo pekee wa kialjebra ambao nimeona wanafunzi wangu wote wakiuandika, wakiueleza na kuutumia bila kosa hata moja.

Wapo wakaidi wachache watakaosoma haya yote na bado waandike x ya mgongo kwa mgongo, namba mbele, matela kwa alfabeti, mabano yaliyokaguliwa hadi benchi la nyuma, alama za sawa na zimejipanga safu moja kwenda chini, na juu kabisa sentensi moja inayosema x ni nini. Hao siwezi kuwasaidia. Madaftari yao huwa nayasahihisha mwisho, karibu na saa 6 usiku, ili niende kulala nikiwa na moyo mweupe.

Kazi ya leo: rahisisha 7 − 2(x − 3) + x. Kalamu ya bluu, njia yote ionekane. Kukusanya ni kesho saa 2 asubuhi, saa za Tunduma.